Kupanda Hirschberg wakati wa theluji: mambo ya kuzingatia kabla ya kutoka nyumbani

Hirschberg una mita 1,670 tu. Aliyepanda Kilimanjaro atasema kwa kimo hicho hata lango la Marangu hujalifikia, na hapo ndipo makosa yanapoanza. Mlima huu upo Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani, kusini ya ziwa Tegernsee, na wakaazi wengi wa München huufanya matembezi ya Jumapili. Hakuna atakayeumwa kichwa kwa uhaba wa hewa. Kinachowaangusha watu ni siku kuwa fupi na mteremko kubeba theluji mbichi, na yote mawili unaweza kuyajua jana yake ukiwa umekaa mezani na ramani.

Anza na saa. Kutoka kijiji cha Scharling bondeni hadi kileleni unapanda kama mita 900. Kipimo cha kawaida ni mita 300 kwa saa, yaani saa tatu, lakini hiyo ni pale wengine wameshaikanyaga njia. Ukikuta theluji ya magotini isiyo na nyayo, mwendo hushuka hadi nusu, na aliye mbele huchoka upesi. Mbadilishane kila dakika kumi. Kushuka kadiria saa mbili. Mwishoni mwa Desemba jua huzama kama saa 10:20 jioni, na msituni giza huingia mapema zaidi. Kwa hiyo uwe umeanza kutembea saa 2:30 asubuhi, na weka saa ya kugeuka: saa 7 mchana, kilele kikiwa kimefikiwa au bado. Ikubaliwe na kundi zima kabla ya safari, kwa sababu kileleni pakishaonekana kila mtu huwa na hoja nzuri ya kuongeza nusu saa. (Ratiba ya treni ni ya saa za Kizungu, saa 2:30 yetu ni 8:30 yao. Treni ya Tegernsee hukatwa njiani na sehemu nyingine huenda Lenggries, basi soma kibao cha behewa kabla ya kukaa.)

Sasa theluji yenyewe. Idara ya Bavaria ya tahadhari ya maporomoko ya theluji hutoa taarifa kila siku majira ya baridi, kwa ngazi 1 hadi 5. Wengi husoma namba wakafunga simu. Namba peke yake haitoshi: taarifa husema pia hatari imeanzia kimo gani, miteremko inayoelekea upande upi, na sababu yake. Ngazi ya 3 inasikika kama katikati, kumbe vifo vingi hutokea humo, maana watu bado wanatoka na theluji tayari iko tayari kukatika. Ikifika 4, kaeni mjini mnywe kahawa.

Sababu kuu ni upepo. Upepo wa magharibi huichukua theluji upande mmoja wa mgongo wa mlima na kuirundika upande wa mashariki, ambako inashikana kuwa bamba gumu juu ya tabaka legevu. Bamba hilo hukaa kimya mpaka uzito wa mtu mmoja uvunje tabaka la chini, kisha mteremko wote unateleza kwa pamoja. Mara nyingi hutokea kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Unaweza kuipima mezani: kwenye ramani ya 1:25,000 yenye mistari ya kimo kila mita 20, nafasi kati ya mistari ikiwa chini ya milimita 1.4, mteremko umepita nyuzi 30. Angalia pia ulio juu ya njia yako, kwa sababu njia tambarare chini ya ukuta wa theluji si salama hata kidogo. Sehemu ya juu ya Hirschberg ina njia ya kiangazi na njia ya majira ya baridi; ya kiangazi hukata ubavu wa mteremko, hivyo fuata ya baridi hata kama ni kali zaidi kwa magoti. Siku ya kwanza ya jua baada ya theluji nyingi hupendwa sana na wapiga picha, nayo ndiyo ya kuogopwa kuliko zote. Ukiwa huko, ukisikia mlio mzito wa kushuka chini ya miguu, au ukaona ufa unakimbia kutoka kwenye kiatu chako, rudi ulikotoka.

Kila mtu abebe vitu vitatu: kifaa cha kutafutana (hutuma na kupokea mawimbi ya redio ili aliyefunikwa na theluji apatikane), koleo la chuma la kuchimbia na ufito wa kuchomea theluji wenye urefu wa sentimita 240 au zaidi. Kukosa kimoja ni kama kukosa vyote, kwa kuwa kifaa kinakuonyesha alipo mwenzako lakini hakimchimbui, na aliyefunikwa ana matumaini makubwa dakika 10 hadi 15 za mwanzo tu. Washeni vifaa mkiwa maegeshoni na kifaa cha kila mmoja kipimwe na mwenzake. Simu iwe mbali na kifaa hicho kwa sentimita 20 kinapotuma mawimbi, na 50 wakati wa kutafuta. Ikikaa karibu, mshale wa kifaa unaokuongoza hupotea.

Mguuni, viatu vya soli ngumu. Njia iliyokanyagwa na mamia ya watu hugeuka barafu, na kwa hiyo minyororo ya viatu yenye meno hufaa kuliko sahani za theluji (sahani pana za kufunga chini ya viatu), ambazo ni za theluji laini yenye kina tu. Ivae kabla ya kuteleza, si baada. Wengi huivua juu wakidhani kazi imekwisha, wakaumia wakishuka. Fimbo ziwe na vikapu vipana, vinginevyo zinazama.

Nguo: pamba ibaki nyumbani. Inanyonya jasho na haikauki, na pale msitu unapoisha na mgongo kuwa wazi, jasho hilo ndilo linalokugandisha. Nyuzi 5 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 40 kwa saa, ngozi inahisi kama nyuzi 14 chini ya sifuri. Vaa sufu au kitambaa cha michezo ndani, anza kutembea ukihisi baridi kidogo, na weka jaketi nene juu kabisa ya begi ulivae kabla hujasimama kupumzika. Glavu jozi mbili, maana moja hulowa. Miwani ya jua hata kukiwa na mawingu.

Chai ya moto lita moja kwenye themosi. Chupa ya maji iweke kichwa chini, kwani maji huganda kuanzia juu, na mdomo utabaki wazi. Mipira ya kunyonyea maji kutoka begini huganda ndani ya saa moja, iache. Tochi ya kichwani ni lazima hata ukipanga kurudi mapema.

Simu iwekwe mfuko wa ndani karibu na mwili, kwani baridi huizima hata ikiwa na chaji nusu. Ramani iwe imeshapakuliwa. Namba ya dharura ni 112. Bila mtandao, toa ishara sita kwa dakika kwa filimbi au tochi, pumzika dakika moja, rudia. Ukijibiwa kwa ishara tatu, umesikika. Na mwachie mtu nyumbani karatasi yenye njia, majina ya mlioenda, na saa ambayo msipopiga simu yeye apige 112 bila kusubiri wala kuona aibu.