Luxor kwa bei nafuu: lala upande wa makaburi

Kama safari yako ya Luxor, Misri, ni kwa ajili ya Bonde la Wafalme, yaani makaburi ya mafarao wa kale, tafuta chumba ng'ambo ya magharibi ya Mto Nile, mtaa wa Gezira karibu na kivuko. Ukilala mjini mashariki ukapanda teksi, itazunguka hadi darajani, kilomita kadhaa kusini mwa mji, na nauli inapanda bure. Kivuko cha umma huvuka kwa dakika chache na nauli yake ni ndogo. Kitumie jioni kwenda Hekalu la Luxor, ambalo liko jirani na gati na huwashwa taa usiku. Shika chenji.

Kabla ya kulipia chumba, uliza kama bei ina kodi ndani na kama kiyoyozi kinafanya kazi. Kiangazi joto hupita nyuzi 40, feni peke yake haifui dafu. Uliza pia chai ya asubuhi huanza saa ngapi. Hili wengi hulisahau. Bonde hufunguliwa saa 12 asubuhi, na chai ikitoka saa 2 utafika pamoja na mabasi ya watalii. Omba wakufungie mkate, mayai na jibini usiku.

Tiketi ya kawaida ya Bonde ni ya makaburi 3. La Tutankhamun na la Seti I hulipiwa kando. Tiketi ya hekalu la Medinet Habu huuzwa ofisi iliyo karibu na sanamu za Memnon, si mlangoni, kwa hiyo inunue ukiwa njiani. Beba kadi ya benki, ofisi nyingi za tiketi hazipokei taslimu.