Kuipa Hiace Ekseli ya Mbele Inayovuta: Mwongozo kwa Fundi wa Nyumbani

Hapa Pemba, kutoka Mkoani hadi Chake Chake, na kutoka hapo hadi Wete na Konde, lami inatosha na Hiace ya kawaida haina la kulalamikia. Shida huanza unapoiacha lami: vilima vya udongo mwekundu vinavyoteleza kama sabuni wakati wa masika, njia za mashamba ya karafuu zinazoshuka bondeni kwenye mpunga na kupanda tena papo hapo, na mchanga wa kuelekea Vumawimbi. Hiace hiyo ya kawaida husukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na likiwa tupu uzito wake mwingi huegemea mbele, kwenye injini na dereva, kwa hiyo magurudumu yanayosukuma ndiyo yaliyobeba kidogo. Kuyafanya ya mbele nayo yavute ni kazi inayowezekana kufanyika uani kwa mtu mwenye subira, mashine ya kuchomelea na msaidizi mmoja, lakini ni kazi ya vipimo kabla ya kuwa kazi ya nguvu, na anayeanza na grainda hujuta.

Kwanza jiulize kama unaihitaji. Matairi yenye meno, pamoja na kupunguza upepo hadi kiasi cha psi 20 unapoingia mchangani na kuujaza tena unaporudi kwenye lami, humtoa mtu katika nusu ya matatizo anayodhani ni ya foo-wili, yaani ya kuvuta kwa magurudumu yote manne. Isitoshe, Toyota yenyewe imekuwa ikiunda Hiace za magurudumu manne kwa soko la Japani, na ukibahatika kuipata iliyotumika ikiwa nzima, huenda ikakugharimu fedha kidogo na usingizi kidogo kuliko safari hii. Mwongozo huu ni wa yule ambaye tayari ana gari lake, analipenda, na anataka gia nzito ya kupandia vilima. Naye pia, kabla hajakata chochote, aende kwa mamlaka inayosajili na kukagua magari na kwa kampuni yake ya bima aeleze anachokusudia, kwa sababu gari lililobadilishwa kimyakimya huweza kukataliwa siku ya ukaguzi au, vibaya zaidi, siku ya ajali. Kwa maoni yangu gari la namna hii lisipakie abiria wa kulipa kabisa.

Mfano nitakaoufuata ni Hiace ya zamani ya mwili mwembamba, ile iliyobeba abiria visiwani kwa miaka mingi, yenye injini ya dizeli ya 3L. Sababu ya kuichagua ni moja: injini hiyo hiyo ya lita 2.8 ilifungwa pia kwenye Hilux ya magurudumu manne ya miaka ya 1988 hadi 1997, ambayo ina ekseli ngumu mbele na springi za bapa. Kwa hiyo Hilux moja iliyopata ajali inakupa karibu kila kitu kwa pamoja: giaboksi inayokubali injini yako bila bamba la kuunganishia, transfa (boksi la gia linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma), ekseli ya mbele na breki zake, ekseli ya nyuma, propela (shafti zinazopeleka nguvu kwenye ekseli), springi na boksi la usukani. Nunua Hilux nzima au nusu yake kwa mtu mmoja. Ukiokota ekseli Ilala, transfa Mwanakwerekwe na propela kwingine, kila kifaa kitakuwa kizuri na hakuna kitakacholingana na mwenzake.

Kulingana kunakohitajika zaidi ni kwa difu, yaani boksi la gia lililo kwenye ekseli, linalogawa nguvu kwa magurudumu yake mawili. Uwiano wa difu ya mbele na ya nyuma, yaani mara ambazo propela huzunguka magurudumu yakizunguka mara moja, lazima uwe mmoja, la sivyo ekseli mbili zitavutana hadi kitu kivunjike, na kwa kawaida huvunjika kilicho ghali. Hilux hizi hupatikana na uwiano tofauti, kama 4.100, 4.300 na 4.556, na macho hayawezi kuutambua. Njia ya uani ni hii: gurudumu moja liache limesimama chini bila kuzunguka, lingine la ekseli hiyo hiyo liinue, weka alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela, kisha lizungushe tairi mizunguko miwili kamili huku msaidizi akihesabu propela. Ikizunguka mara nne na sehemu moja ya kumi, ni 4.100, ikizidi nne na nusu kidogo, ni 4.556. Rudia mara tatu kwa kila ekseli. Niliwahi kuletewa gari lililokwisha kufungwa kila kitu, kazi safi yenye rangi mpya, na difu zake zilikuwa mbili tofauti. Lilifika hapo likivutwa kwa kamba.

Kuna kulingana kwa pili ambako watu hukusahau. Difu ya mbele haikai katikati ya ekseli, hukaa upande mmoja, na transfa nayo hutoa propela ya mbele upande mmoja. Pande hizo zipatane. Marekani, ambako mabasi madogo aina ya Ford E-350 hubadilishwa hivi kwa wingi, mafundi huchukua ekseli ya Dana 60 ya pikapu za Super Duty, ambayo difu yake iko kushoto, na hulazimika kutafuta transfa inayotoa kushoto pia. Anayetoa vyote kwenye Hilux moja hana haja ya kulifikiria hilo. Hesabu pia bolti za rimu: ekseli za Hilux hii zina sita, na ikiwa Hiace yako ina tano, basi ekseli ya nyuma nayo ibadilishwe, jambo ambalo ungelifanya hata hivyo kwa ajili ya difu, vinginevyo utatembea na matairi mawili ya akiba.

Anza kazi wakati wa kipupwe, mvua za masika zikiwa zimekwisha. Usiinue gari juu ya mchanga mtupu wa uani. Tandika mbao nene au mimina zege, kwa kuwa jeki huzama taratibu bila kutoa sauti, na kamwe usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Stendi nne za chuma, zikiwa chini ya reli za chasisi na si chini ya bati la bodi, ndizo zitakazolibeba kwa wiki kadhaa. Betri itolewe na waya za alteneta zifunguliwe kabla ya kuchomelea, tangi la mafuta lishushwe kabisa, na ndoo ya mchanga ikae karibu.

Gari likiwa bado limesimama kwa magurudumu yake ya asili, chukua timazi ya mwashi. Teremsha uzi kutoka katikati ya kila habu na uweke alama chini, kisha pima umbali wa mbele hadi nyuma kwa kila upande, na upime pia mshazari kwa mshazari. Vipimo hivi viandike kwenye daftari na si kwenye kiganja. Ekseli mpya itarudishwa pale pale ilipokuwa ya kwanza, au mbele kidogo ikiwa tairi litagusa mlango, na mishazari miwili isitofautiane zaidi ya milimita 3. Gari lenye mishazari isiyolingana hutembea upandeupande kama kaa, na hakuna mashine ya kupangia magurudumu itakayolitibu.

Sasa vua kilichopo mbele: tosheni baa (fimbo za chuma zinazojisokota badala ya springi), mikono ya juu na ya chini, na habu zake. Hiace hii haina chasisi ya kujitegemea kama ya Hilux. Reli zake zimechomelewa pamoja na bodi na ni za bati jembamba, na visiwani kutu ya chumvi huwa imezila kwa ndani. Gonga kwa nyundo urefu wote, na panapotoa sauti ya debe pakate hadi ufikie chuma kizima. Kila mahali utakapochomelea kishikio cha springi, kwanza weka kiraka cha bamba la milimita 4 hadi 6 kinachozunguka reli pande tatu, chenye ncha zilizokatwa mshazari ili nguvu isijikusanye kwenye mstari mmoja. Chomelea vipande vifupi ukihamahama, maana mshono mrefu wa mara moja hupinda reli. Ikiwa mkono wako haujazoea, andaa vipande, vishike kwa nukta chache, kisha mwite mchomeleaji wa kazi hiyo aje amalize. Usukani wa gari hautundikwi kwenye mshono wa kujifunzia.

Unapopanga ekseli chini ya injini utakutana na sampu, yaani karai la oili. Ya Hiace haikuundwa kuipisha ekseli inayopanda na kushuka, kwa hiyo chukua ya Hilux pamoja na bomba lake la kunyonya oili, uvijaribishe kwanza. Inua ekseli kwa jeki hadi mwisho wa safari yake, springi zikiwa zimefungwa, na uhakikishe kwamba hakuna kinachogusana. Hapo ndipo utakapojua gari linahitaji kupanda kiasi gani. Usilipandishe zaidi ya hapo. Hiace ni ndefu kwenda juu na nyembamba, na kila sentimita unayoiongeza chini ya bodi unaiongeza pia kwenye hatari ya kupinduka, hasa likiwa na mzigo juu ya paa.

Ekseli ikaze ikiwa imelala nyuma digrii 3 hadi 5, ili usukani urudi wenyewe baada ya kona. Pembe hiyo hupimwa kwa pima maji yenye digrii na hurekebishwa kwa kabari za chuma kati ya springi na ekseli, lakini kumbuka kwamba unapoizungusha ekseli unauzungusha pia mdomo wa difu unaopokea propela. Usukani wenyewe usijaribu kuutengeneza kwa raki (fimbo yenye meno inayosogea kushoto na kulia): raki hukaa kwenye bodi, ekseli hucheza chini yake, na kila shimo litakalopitiwa litageuza magurudumu bila dereva kutaka. Tumia boksi la Hilux na fimbo yake, lifungwe kwenye reli kwa bamba la ndani na la nje, na fimbo iwe karibu sambamba na springi gari likiwa limesimama. Viungo vya usukani visichomelewe hata kimoja. Fimbo isipofika, tafuta ndefu zaidi au peleka kwa mchongaji wa leti.

Giaboksi ikifungwa pamoja na transfa huwa ndefu kuliko ya zamani, na krosimemba inayoibeba itabidi isogezwe nyuma. Hapa ndipo Hiace hutofautiana na magari mengine, kwa kuwa injini iko chini ya viti vya mbele na fimbo ya gia ya Hilux itachomoza kwenye miguu ya abiria wa nyuma. Utaunda fimbo za kuunganisha zenye boljointi ndogo ili kurudisha gia na transfa mkononi mwa dereva. Kazi hii inaonekana ya pembeni ila ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko zote, kwani uchezaji wa milimita mbili kila kiungo hugeuka kuwa gia isiyoingia.

Propela ya nyuma itafupishwa na ya mbele itapimwa, na zote mbili zikatwe na kusawazishwa na mwenye mashine ya kazi hiyo. Wewe mpe kipimo gari likiwa limesimama kwa uzito wake, huku ukiacha sentimita 3 hivi za kuingia ndani kabla meno ya kuteleza, yale yanayoiruhusu propela kurefuka na kufupika, hayajafika mwisho. Pembe ya krosi (kiungo cha propela kinachojikunja) ya upande wa transfa na ya upande wa difu zilingane, zisitofautiane zaidi ya digrii 1, na nyuma zisizidi digrii 7 hivi, la sivyo mtetemo utausikia kwenye meno yako. Uma mbili za propela moja zitazamane sawa. Mimi niliwahi kurudisha meno ya kuteleza yakiwa yamekosea hatua moja tu, nikaendesha kutoka Konde hadi Wete nikidhani tairi limepasuka.

Breki za mbele za Hilux zije na mipira mirefu mipya, na isivutike hata magurudumu yakining'inia na kukatwa kona yote. Ikiwa gari lako lina vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo, irekebishe, kwa sababu bodi ikipanda vali hudhani gari ni tupu na huzinyima breki za nyuma nguvu. Difu zijazwe oili ya 80W-90 ya GL-5, na jointi zilizo ndani ya matufe ya ekseli ya mbele zipakwe grisi nyeusi yenye molibdeni. Mirija ya kupumulia ya ekseli zote mbili na ya transfa ipandishwe hadi juu ya injini, kwa kuwa difu yenye moto ikiingia kwenye maji baridi hunyonya chochote kilicho karibu na tundu lake, na huku kwetu mara nyingi ni maji ya chumvi.

Majaribio ya kwanza yafanyike penye uwazi, kwa mwendo wa mguu, breki kwanza na usukani baadaye. Foo-wili ijaribiwe kwenye udongo au mchanga tu: transfa ya Hilux haina difu ya katikati, na kwenye lami kavu magurudumu ya mbele, yanayotembea njia ndefu zaidi katika kona, huipinda mitambo mpaka fimbo igome kutoka kwenye gia. Gia nzito, ambayo hupunguza mwendo mara 2.28, itumie kabla hujaingia kwenye tope na si baada ya kukwama. Baada ya kilomita 100 kaza upya yu-bolti zote, ambazo ziwe zilinunuliwa mpya, na uangalie kila mshono kwa tochi. Kila ukirudi kutoka ufukweni osha chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na kila ukivuka maji ya kina fungua kizibo cha difu kidogo utazame: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage siku hiyo hiyo.