Unataka kazi ya kulinda magofu ya Kilwa? Soma hii kwanza

Vijana wengi wa huku Lindi wakisikia askari wa uhifadhi wanawaza tembo, bunduki na landkruza za Selous, sawa, hiyo ipo na Liwale huko ndo maisha yao, ila sisi wa Kilwa tuna kazi nyingine inayotaka watu wenye moyo, nayo ni kutunza magofu ya miji ya kale ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Magofu haya UNESCO waliyaingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, 2004 wakayaweka kwenye orodha ya yaliyo hatarini, yakatoka huko 2014 baada ya kazi kubwa sana ya ukarabati na kupambana na bahari. Kwa hiyo ukipewa sare ya hapa ujue umepewa kitu ambacho kilishawahi kukaribia kutupotea.

Kuingia kwenyewe nisikae sana hapo. Eneo linasimamiwa na TAWA, mamlaka ya wanyamapori Tanzania, nafasi zinatangazwa kama nafasi nyingine za serikali, fungua akaunti yako ya Ajira Portal, ule mtandao wa maombi ya kazi za serikali, mapema na uweke vyeti na namba ya NIDA kabla tangazo halijatoka, siyo tangazo limetoka ndo unahangaika na kompyuta ya stationery. Kusoma, kuna vyuo vya wanyamapori, Pasiansi kule Mwanza na Mweka Kilimanjaro kilichoanza 1963, na ukivutiwa na mambo ya kale chuo kikuu cha Dar wanafundisha akiolojia. Jiandae pia na kwata, maana hizi taasisi zinaenda kwa mfumo wa jeshi usu. Kama hela ya chuo haipo, anza kijijini, ingia kwenye kamati ya mazingira au BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, au ongoza wageni, utajulikana na utajifunza.

Sasa kazi yenyewe. Doria ya magofu siyo kuzunguka na kurudi, ni kuangalia ukuta uleule kila siku mpaka uujue kama unavyoijua nyumba ya mama yako. Kuta za huku ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa, na adui wake wa kwanza ni mti mdogo unaoota juu, mtini hasa, ndege anadondosha mbegu, mvua moja tu tayari mzizi uko ndani. Mche ukiwa kidole unaung'oa kwa mkono. Ukishakuwa mkubwa USIVUTE jamani, mzizi unatoka na mawe yake, unakata karibu na ukuta, unaurudia ukichipua tena mpaka ufe, halafu fundi anaziba tundu kwa chokaa. Na nasema chokaa siyo saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na haipitishi unyevu, maji na chumvi vinabaki ndani vinalila jiwe taratibu, ukija kushtuka saruji imebaki nzima na jiwe lililokuwa jirani yake limekuwa unga. Akija mtu na mfuko wa saruji kwa nia njema kabisa mzuie kwa heshima umpigie mkubwa wako. Chokaa ikishapakwa funika na gunia bichi na uwe unalimwagia maji, jua la Kilwa likiikausha haraka inapasuka.

Ukiona ufa, piga picha ukisimama palepale kila mara, weka kalamu pembeni ukubwa uonekane, na kama mhifadhi karuhusu pakeni donge dogo la chokaa kukatisha ufa na muandike tarehe. Donge likipasuka ukuta unatembea, hapo zuia watu wasipite chini yake siku hiyohiyo, usingoje barua.

Halafu bahari, na hapa ndo watu wanapotenganisha mazingira na mambo ya kale wakati ni kitu kimoja. Gereza, ile ngome ambayo Wareno waliianza 1505 na Waomani wakaja kuijenga upya, iko ufukweni kabisa, na Msikiti wa Malindi uko jirani yake. Mikoko ikikatwa wimbi linafika bila kuzuiwa na kinachofuata ni udongo wa chini ya msingi kuondoka. Kwa hiyo ukimkuta mtu anakata boriti kwenye mikoko, hujatoka nje ya kazi yako ukimfuata. Chomeka vigingi nchi kavu, pima kutoka kigingi hadi ukingo unaomomonyoka, nenda wakati wa bamvua maji yanapojaa sana na nenda tena upepo mkali wa kusi ukipita. Kupanda mikoko nako kuna akili yake, usipande kwenye mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi eti kwa sababu wageni wanakuja kupiga picha, panda kwenye tope, pale wazee wanapokumbuka kwamba ilikuwepo, na waulize aina hii na ile inakaa wapi, mlilana unakaa wapi na mkoko wenyewe unakaa wapi, wanajua kuliko mimi na wewe.

Mvua ikinyesha sana vigae vinajitokeza, shanga, vipande vya sahani za China, mara nyingine pesa za shaba za masultani. Usiokote. Kitu kikitoka pale kilipolala kinabaki pambo tu, mtaalamu hawezi tena kukisoma. Piga picha, chukua GPS, fukia kidogo, toa taarifa, na kuchimba bila kibali sheria ya mambo ya kale ya 1964 inakataza hata kama ni kwako shambani. Watoto wakiwauzia wageni vigae ongea na wazazi wao, kumfukuza mtoto hakusaidii, kesho atauzia nyuma ya msikiti.

Na hili la watu ndo linanigusa zaidi. Kisiwani siyo makumbusho, watu wanaishi pale, wana mashamba, mbuzi, makaburi ya babu zao. Ukishuka kwenye boti pita kwa mwenyekiti, bibi aliyekaa barazani mpe shikamoo yake kabla hujauliza mbuzi aliyepanda ukutani ni wa nani. Ukikuta ubani umeachwa kaburini acha ulivyo, hiyo siyo takataka. Kazi ya kufyeka na kubeba mawe ikija waombe wa kijijini kwanza, mtu aliyelipwa kuutengeneza ukuta hatabomoa mawe yake akajengee choo.

Wageni wape ukweli tu unatosha, Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika hapa 1331, Msikiti Mkuu ulianza karne ya 11 ukaongezwa karne ya 14, Husuni Kubwa, kasri la sultani al-Hasan bin Sulaiman, lina bwawa la pembe nane, huhitaji kuongeza mashimo ya dhahabu wala majini. Wasipande kuta, hilo halina mjadala hata awe waziri.

Daftari jaza jioni hiyohiyo, tarehe, maji yalikuwa kujaa au kupwa, ukuta gani, picha namba ngapi, nani uliongea naye. Ukihamishwa, mwenzako ataanzia hapo, kwa hiyo andika kwa mwandiko unaosomeka na uliache ofisini, usiondoke nalo.