Sevisi ya jenereta usiipange kwa tarehe peke yake
Wale mnaotumia programu ya kupanga matengenezo, jenereta iwekee na masaa ya mita (yale masaa mashine imekuwa ikiwaka), mfano kila 250 kwa oili na filta (cheki manuali ya mashine yako lakini), halafu weka na miezi, kitakachotangulia ndo kifungue kazi ya sevisi kwenye programu, maana umeme ukikatikakatika masaa yanaisha chap na ukitulia oili inazeeka humo humo ndani. Kingine, siku ya kuzima usiipange kabla filta hazijaingia stoo aisee, utazima mashine fundi akae anachati tu. Na vile vikazi vidogo, mkanda, betri, kusafisha rejeta, vivute vyote viingie siku hiyo hiyo, watu wa uzalishaji uwasumbue mara moja.