Jinsi ya kutoka pale ulipozoea bila kuacha kazi wala kuhama mtaa

Mtu akikwambia ubadilike, kawaida anakutuma mbali sana, acha kazi, anza biashara, rudi shule, na wewe Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi bado uko steji ya Umoja, Nairobi, unangoja matatu ileile ukae kiti kilekile nyuma ya dere. Mimi naona shida si uoga, shida ni kipimo. Tunabeba kitu kikubwa mno, kinatushinda, halafu tunasema hatuna roho ngumu.

Chukua karatasi uandike vitu vitatu unavyokwepa. Usiandike "kujiamini", hiyo haina mahali wala saa. Andika kitu chenye siku na nauli: kusimama uongee kwa mkutano wa chama, kupanda Ngong Hills na kikundi cha watu usiowajua, kumwambia bosi hii kazi haiwezi kuisha leo. Yangu ilikuwa kuogelea. Nilikuwa na miaka 36 na maji yakifika kifuani nilikuwa naona kaburi, na watoto wangu wanaruka humo kama vyura.

Halafu kipunguze mpaka kitishe kiasi tu. Mwaka 1908 Wamarekani wawili, Robert Yerkes na John Dodson, walifundisha panya kuchagua kisanduku cha kuingia kwa kuwapiga shoti ndogo ya umeme wakikosea, na kazi ikiwa ngumu, shoti ya wastani ndiyo ilifundisha haraka, ikizidi wakachelewa. Wewe si panya, najua, lakini ukikosa usingizi siku tatu punguza, na usiposikia tumbo likicheza hata kidogo ongeza. Mimi siku ya kwanza nililipa, nikavaa kaptura, nikakaa pembeni miguu ndani ya maji, basi, nikarudi nyumbani.

Sasa hapa ndio penye kazi: siku ukiingia, usitoke uoga ukiwa juu. Wiki ya pili kocha, kijana wa juzi anayeniita mzee, aliniambia nizamishe uso nitoe pumzi kwa pua. Nikazamisha, maji yakapanda puani, nikakohoa mpaka kina mama waliokuwa kando wakageuka, nikaanza kutafuta ngazi. Akasema, "Mzee, shika ukuta, usitoke, hesabu pumzi tu." Nikashika, moyo unadunda, nikahesabu, sidhani hata nilifika arobaini na moyo ukashuka wenyewe bila kuambiwa na mtu. Ningetoka mapema mwili ungejua kilichoniokoa ni kukimbia, na Jumamosi inayofuata ningeogopa zaidi. Kwa hivyo ukitaka kuacha, acha, lakini ngoja ushuke kwanza ndio uamue. (Nazungumzia uoga wa aibu na ugeni jamani. Ule wa kichochoro cha giza saa tano usiku usikilize, toa mbio, na maji usiingie bila mtu anayeyajua.)

Usinunue vifaa kabla ya kuanza. Miwani yangu ya kuogelea ilikaa kwa droo miezi minane, na kila nikiiona nilikuwa nasikia kama nishaanza. Usiweke kwa stetasi pia, watu watakupongeza na utashiba hapo hapo. Ambia mtu mmoja tu, yule msumbufu atakayekuuliza "ulienda?"

Na hizo hadithi kwamba tabia mpya inajengeka kwa siku 21 achana nazo. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu wakijenga tabia mpya, utafiti ukatoka 2009, na wastani ulikuwa siku 66, ingawa kati ya mtu na mtu ilitofautiana kuanzia 18 mpaka 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu, kwa hivyo mvua ikikufungia mjini na magari ya Jogoo Road yamesimama, nenda kesho, usianze kujihukumu.

Utajua umezoea pale utakapoanza kuwaza mambo ya kawaida ukiwa ndani ya kile kitu. Mimi nilijikuta katikati ya maji nawaza kama nimezima gesi. Nikatoka, nikajikausha, nikaitafuta ile karatasi niangalie namba mbili.