Likizo ya Kanada ukitokea Kisumu au Nakuru: anzia kwenye karatasi

Tiketi ya ndege ndiyo hununuliwa mwisho. Mkenya anahitaji viza ya mgeni kabla ya kuingia Kanada, na muda wa kusubiri jibu hupanda na kushuka sana. Ukilenga kusafiri Agosti, maombi yawe yametumwa kufikia Februari au Machi.

Maombi hujazwa mtandaoni kwenye tovuti ya serikali ya Kanada, ile ambayo anwani yake huishia na canada.ca. Ada ni dola 100 za Kanada kwa kila mtu, pamoja na dola 85 za alama za vidole na picha. Familia inayoomba pamoja haitozwi zaidi ya dola 500 za viza na 170 za alama. Ukishalipa unatumiwa barua ya kukuruhusu kutoa alama hizo Nairobi. Ichapishe, beba na pasipoti yenyewe. Anayetoka Kisumu alale Nairobi usiku wa kuamkia miadi, kwa maana lori moja likianguka kati ya Gilgil na Naivasha, nusu siku imekwenda. Alama hudumu miaka 10. Watoto wa chini ya miaka 14 na wazee waliofikisha 80 hawazitoi.

Wengi hunyimwa viza kwa sababu afisa hakuridhika kwamba watarudi nyumbani. Afisa huyo hajui Kondele wala Njoro, na hakuoni uso. Anasoma karatasi tu, kwa hivyo karatasi zieleze maisha yako jinsi yalivyo.

Weka taarifa ya benki ya miezi sita. Kinachoharibu zaidi ni pesa nyingi kuingia wiki chache kabla ya maombi bila maelezo. Kama uliuza ng'ombe watatu au zamu yako ya chama ilifika, ambatisha mkataba wa mauzo au barua ya chama yenye tarehe na kiasi. Biashara yako ikiendeshwa kwa till, omba taarifa ya M-Pesa ya till hiyo na uonyeshe pesa zinavyotoka huko kwenda benki. Taarifa ya sacco nayo ina uzito, kwa sababu inaonyesha akiba ya miaka.

Kuhusu shamba, kuweni wakweli. Familia nyingi za huku magharibi zinalima ardhi ambayo hatimiliki yake bado ina jina la babu. Usiiandike kuwa yako. Sema ni ardhi ya ukoo, kisha ujenge hoja juu ya mambo mengine: kibali cha biashara cha kaunti, stakabadhi za kodi za KRA, barua ya likizo kutoka kwa mwajiri yenye tarehe ya kurudi kazini, barua ya shule ya watoto wanaobaki. Mwalimu aombe tarehe zinazoangukia likizo ya Agosti. Akiomba katikati ya muhula bila ruhusa ya maandishi, lazima afisa ajiulize darasa amemwachia nani.

Yote hayo yafungwe na barua ya maelezo ya ukurasa mmoja: unakwenda wapi, siku ngapi, nani analipa, na nini kinakurudisha. Ukialikwa na ndugu aliye huko, barua yake itaje anwani, kazi na hali yake ya ukaazi, na akiwa ndiye mlipaji aongeze uthibitisho wa mapato. Barua ya chifu iliyoandikwa kwa Kiswahili itafsiriwe kwa Kiingereza au Kifaransa, pamoja na kiapo cha mtafsiri. Faili moja isizidi MB 4. Picha zilizopigwa kwa simu hupita hapo haraka, kwa hivyo mwambie kijana wa saiba azipunguze bila kufuta maandishi.

Wakala akikuahidi viza ya uhakika, ondoka. Hakuna aliye na uwezo huo. Akikuwekea taarifa ya benki ya kughushi, anayefungiwa miaka 5 ni wewe, si yeye, na ada hairudi. Soma kila ukurasa kabla haujatumwa kwa jina lako.

Viza ikishatoka ndipo njia ipangwe. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Kanada. Watu hubadilisha Addis Ababa, Doha, Amsterdam au London. Epuka tiketi inayopita Marekani kama huna viza ya Marekani, kwa kuwa huko hata abiria wa kubadilisha ndege tu anadaiwa viza. Safari ya Kisumu hadi Nairobi ikiwa kwenye tiketi tofauti, hasara ya kuchelewa ni yako. Acha nafasi ya saa sita au zaidi.

Sasa chagua kona moja. Toronto hadi Vancouver ni kama saa tano angani, na treni ya kuvuka nchi inakula kilomita 4,466 na kulala njiani siku nne. Mwenye wiki mbili anayetaka kuona pande zote atamaliza likizo kwenye viwanja vya ndege. Kwa safari ya kwanza tunapendekeza mashariki: Toronto, maporomoko ya Niagara yaliyo umbali wa kilomita 130 hivi, kisha kwa treni au basi Ottawa, Montreal na mji wa kale wa Quebec. Huko Quebec Kifaransa ndicho lugha ya mtaani, ila hotelini utasikilizwa kwa Kiingereza.

Anayependa milima ashuke Calgary, aende Banff, mbuga ya taifa ya milimani, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Nenda Julai hadi Septemba, kwani mwezi wa Mei ziwa la huko la Lake Louise mara nyingi bado ni barafu. Moraine Lake haifikiwi kwa gari binafsi tangu 2023, hivyo weka nafasi ya basi mapema. Na aliyezoea kutazama wanyama akiwa ndani ya gari kule Ziwa Nakuru aelewe kwamba Banff watu hutembea kwa miguu miongoni mwao. Kaa mita 100 kutoka kwa dubu na mita 30 kutoka kwa kulungu wakubwa. Tembeeni kwa kundi, mkiongea kwa sauti, na mnunue huko huko dawa ya pilipili ya kupulizia dubu, kwa kuwa haipandi ndege.

Ukienda kwenye theluji, pitia mitumba ya Kibuye kwanza. Tafuta soksi na sweta za sufu. Pamba hushika jasho na kukugandisha.

Bei ya menyu haijajumlisha kodi. Chakula cha dola 20 Toronto kinakuwa 22.60 kwa kodi ya asilimia 13, na mhudumu hutarajia asilimia 15 hadi 20 juu yake. Alberta, jimbo la Calgary na Banff, kodi ni asilimia 5. Umeme ni volti 120: chaja ya simu itafanya kazi ukipata adapta, pasi ya volti 240 haitapata moto vizuri. Nunua bima ya safari, kwani mgeni hulipia hospitali mwenyewe.

Usifungashe nyama, matunda wala mbegu. Omena na unga vitangaze kwenye forodha; kutangaza hakukupi faini, kuficha chakula kunaweza kukugharimu hadi dola 1,300. Pesa taslimu za dola 10,000 au zaidi nazo hutangazwa.

Afisa wa mpakani atakuuliza unakaa wapi na unarudi lini, basi barua ya mwaliko na tiketi ya kurudi ziwe mkononi, si kwenye begi. Asipoandika tarehe kwenye pasipoti, ruhusa ni miezi sita tangu siku ya kuingia. Anayetaka kuongeza aombe angalau siku 30 kabla haijaisha.