Jinsi ya kuomba kibali cha banda la muda katika bustani ya umma, England

Mabanda ya jumba la sanaa la Serpentine, ambayo tangu la msanifu majengo Zaha Hadid mwaka 2000 husimama karibu kila kiangazi katika Kensington Gardens, London, huchorwa kwa mwaliko. Ukitaka kujenga lako kwenye bustani nyingine, anza na mwenye bustani. Kibali cha mipango miji hakikupi haki ya kuingia kwenye ardhi yake.

Kisha hesabu siku. Banda la kuhamishika lisilozidi siku 28 kwa jumla katika mwaka wa kalenda kwa kawaida halihitaji kibali, mradi lisiwe ndani ya uwanja wa jengo. Siku za kulisimamisha na kulibomoa zihesabu pia.

Zikizidi, tuma ombi kwa halmashauri kupitia Planning Portal, tovuti ya maombi ya mipango miji: fomu, ada, michoro, ramani ya mahali ya 1:1250 au 1:2500 yenye mshale wa kaskazini, na ramani ya kiwanja ya 1:500 au 1:200. Mstari mwekundu unaoonyesha mipaka ya eneo la ombi kwenye ramani uizungushe pia njia ya kutoka barabarani hadi kwenye banda. Ukiisahau, ombi hurudishwa. Kwa kuwa ardhi si yako, mpe mwenye ardhi notisi na ujaze Cheti B cha umiliki. Cheti A ni cha mmiliki pekee.

Maombi mengi mazuri hukwama kwenye mizizi ya miti. Kiwango cha Uingereza cha BS 5837, kinachohusu miti karibu na ujenzi, hulinda duara kuuzunguka mti lenye nusu kipenyo mara 12 ya kipenyo cha shina, kikipimwa mita 1.5 kutoka ardhini. Shina la sentimita 60 linadai mita 7.2 kila upande. Huku upepo huliinua paa jepesi, na dawa ya haraka ni kulikandamiza kwa vitalu vya zege, ambavyo hushindilia udongo na kuinyima mizizi hewa. Mhandisi apige hesabu ya upepo mapema, na uzito ukae nje ya duara. Kuhamisha banda mita chache ni rahisi kuliko kubishana na afisa wa miti.

Andika tarehe ya kubomoa na jinsi nyasi zitakavyorudishwa.

Uamuzi huchukua wiki 8 tangu ombi lithibitishwe kuwa kamili, au 13 kwa eneo la sakafu la mita za mraba 1,000 na zaidi. Kibali kikija na masharti ya kuidhinishwa kabla ya kazi, tenga wiki 8 nyingine. Banda la Juni, basi, ombi liwe limeingia kabla Januari haijaisha.